Amplifaya ya valvu inakoroma? Isikilize kwanza, na waya wa ethi usiukate

Wadau, kuna dawa moja ya mtaani ambayo mafundi wengi tumerithishana: amplifaya ikikoroma, kata waya wa ethi. Na mara nyingi inafanya kazi kweli. Ukikata, mkoromo unaisha pale pale, wenye bendi wanapiga makofi, fundi anachukua chake anaondoka. Ila kilichoondoka ni kelele tu. Hatari imebaki, tena sasa imenyamaza, na siku ikijitokeza itajitokeza kwenye mdomo wa mwimbaji au kwenye vidole vya mpiga gitaa.

Leo nataka tulimalize hili jambo. Nitaeleza kwa nini amplifaya ya valvu inapiga kelele, namna ya kumjua mchawi ni nani bila vifaa vya bei mbaya, na kwa nini ethi haimo kabisa kwenye orodha ya vitu vya kukata. Kama uko kafe na dakika zako zinakimbia, nakili zile sauti na hatua za katikati kwenye karatasi, mengine utarudi kusoma siku nyingine.

KISA CHENYEWE

Mfano wangu unatoka Kapalamsenga. Kwa msiopafahamu, ni huko wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, upande wa kuelekea Karema na ziwa. Zamani tulikuwa tunasema tu "Mpanda, Rukwa", mpaka Katavi ilipomegwa ikawa mkoa mwaka 2012. Kapalamsenga inajulikana zaidi kwa shaba kuliko kwa muziki. Lakini ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kuna Moba na Kalemie, na watu wa ukanda huu wamekua na rumba masikioni. Gitaa huku si kitu kigeni.

Huko nilikuta amplifaya ya gitaa ya valvu, mali ya kikundi cha vijana. Waliinunua mkononi kwa mtu ambaye naye aliinunua mkononi. Inaendeshwa na jenereta. Ilikuwa inaunguruma kiasi kwamba mwimbaji akinyamaza unaisikia mashine inaimba yenyewe. Nikafungua plagi. Kwa nje ina pini zote tatu, safi kabisa. Kwa ndani, ule waya wa kijani na njano umekatwa na kukunjwa pembeni. Kuna aliyepita kabla yangu na ile dawa yake.

Mwimbaji wao akanambia, "Kaka, hii maiki ina tabia ya kuuma." Yaani akiwa ameshika gitaa, akisogeza mdomo kwenye maiki, anapigwa shoti kidogo. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na mbele nitasema kwa nini.

VALVU NI NINI, KWA KIFUPI

Valvu ni kichupa cha kioo ambacho hewa yake imenyonywa. Ndani kuna kikanza chembamba kinachowaka wekundu. Chuma kinachopashwa kinatoa elektroni, na hizo zinavutwa na bamba lenye volti nyingi. Katikati ya hivyo viwili kuna wavu mdogo. Umeme kidogo sana unaotoka kwenye gitaa ukifika kwenye wavu, unafungua na kufunga mkondo mkubwa kama unavyofungua na kufunga koki ya bomba. Huko ndo kukuza sauti. Mmarekani Lee de Forest alitengeneza valvu yenye wavu mwaka 1906, na mpaka transista ilipogunduliwa mwaka 1947 na kuenea miaka iliyofuata, redio na amplifaya nyingi zilitegemea hivi vichupa.

Wapiga gitaa wanazipenda mpaka leo kwa sababu ukizikandamiza sauti inapasuka kwa utamu, haikatiki ghafla. Ndo maana bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, kikanza kwa kawaida kinatumia volti 6.3 za AC, umeme unaotikisika mara 50 kwa sekunde, na kiko milimita chache tu kutoka kwenye wavu unaosikiliza kila kitu. La pili, bamba linatumia volti 250 mpaka 450, wakati mwingine zaidi. Jambo la kwanza linaleta kelele. La pili linaua.

KABLA YA BISIBISI

Ndani ya amplifaya kuna kapasita kubwa zinazohifadhi umeme. Umeshazima, umeshachomoa plagi, lakini zenyewe bado zimeshiba volti mia nne. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na sina njia ya mkato:

Zima, chomoa plagi ukutani, iweke mahali unapoiona kwa macho. Subiri dakika kadhaa. Chukua rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5 au 10, iliyounganishwa na nyaya mbili zenye ganda zuri. Upande mmoja shika kwenye bodi ya chuma, upande mwingine kwenye mguu wa chanya wa kila kapasita kubwa, hesabu taratibu mpaka kumi. Kapasita ya maikrofaradi 100 kwa rezista hiyo inashuka chini ya asilimia moja ndani ya sekunde tano hivi. Halafu pima kwa tesita uhakikishe, usiamini hesabu peke yake. Usishorti kwa bisibisi! Ule mlipuko unaharibu kapasita na unaweza kukurukia machoni.

Ukilazimika kupima ikiwa inawaka, mkono mmoja weka mfukoni, vua pete na saa, vaa viatu vikavu. Na usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika. Transfoma ya sauti inaweza kuungua, na hiyo kuipata Mpanda si mchezo.

Onyo jingine kwa wanaopenda redio za kizamani: zipo zisizo na transfoma ya umeme kabisa, ambazo bodi yake ya chuma imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Hizo ziache. Makala hii inahusu zenye transfoma tu.

ZIJUE SAUTI KWA MAJINA YAKE

Kelele si kitu kimoja. Kila tatizo lina sauti yake, na sikio lako ni kifaa cha kwanza. Nimezipanga hivi:

1. Mvumo mzito, "mmmmm". Huu una aina mbili, na kuzitofautisha ni nusu ya kazi. Umeme wetu ni Hz 50. Ukishanyooshwa kuwa DC unabaki na mawimbi madogo 100 kwa sekunde, kwa sababu pande zote mbili za wimbi zinatumika. Kwa hiyo mvumo wa 50 unatoka kwenye umeme wa AC wenyewe (nyaya za vikanza, transfoma iliyo karibu, mzunguko wa ethi), na mvumo wa 100 unatoka kwenye umeme ulionyooshwa lakini haukusawazishwa, yaani kapasita kubwa zimechoka.

Utajuaje bila kifaa? Chukua gitaa lililotuniwa kawaida, usilichomeke popote. Bonyeza freti ya tatu kwenye ule waya mnene kabisa. Hiyo ni G, Hz 98. Kama mvumo wa amplifaya unalingana na noti hiyo, uko kwenye 100. Kama uko chini zaidi, unalingana na freti ya tatu ya waya mnene wa gitaa la besi, uko kwenye 50. Kwenye jenereta utapanda na kushuka kidogo injini inapobadili mwendo, ila uhusiano unabaki ule ule. Hii nawapa bure, wadau!

2. "Shhhhh" kama bomba lililoachwa wazi. Kidogo ni kawaida, hasa ukifungua volyumu mpaka mwisho. Ikizidi, mtuhumiwa wa kwanza ni valvu ya mwanzo, halafu rezista inayolisha bamba lake. Rezista za kaboni za zamani zinapiga kelele sana zikizeeka. Weka ya kisasa ya filamu ya metali, thamani ile ile.

3. Mkwaruzo, "kra-kra". Ukitokea unapozungusha kitufe cha volyumu, ndani kuna uchafu. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha mara ishirini thelathini. Ukiendelea hata baada ya hapo, kuna kapasita ndogo inayovujisha DC mpaka kwenye kitufe. Ukitokea wenyewe bila kuguswa, angalia miguu ya valvu, soketi zake na viungo vya risasi vilivyopasuka.

4. "Ting!" kama kengele, au mluzi unaoanza wenyewe ukiongeza sauti. Valvu imelegea ndani na imegeuka maiki. Gonga kioo chake taratibu kwa kijiti kikavu cha mshikaki. Ile inayosikika kwa nguvu kwenye spika kuliko wenzake ndo yenyewe. Usitumie penseli, kaboni yake inapitisha umeme.

5. "Tuk-tuk-tuk-tuk" polepole kama mtumbwi wa injini unaotoka Karema. Hapo kapasita zinazotenganisha hatua moja ya valvu na nyingine zimekauka, hatua ya mwisho inairudishia ya mwanzo sauti kupitia njia ya umeme.

6. "Tirititi-tirititi" kabla simu haijaita. Hiyo siyo amplifaya. Simu za GSM zinarusha mawimbi kwa vipande 217 kila sekunde, na waya wa gitaa unayadaka. Sogeza simu, basi.

7. Mnguruno mkali wenye meno, "zzzzz", unaobadilika ukigeuza gitaa upande mwingine. Hiyo inatoka hewani: taa za tyubu, chaja za bei rahisi, inveta. Geuka, sogea, zima kimoja kimoja.

SASA MTAFUTE, HATUA KWA HATUA

Kanuni ni moja tu: gawa mashine vipande viwili, uliza kelele iko upande gani, halafu gawa tena.

Hatua ya kwanza. Chomoa kila kitu kinachoingia kwenye amplifaya: gitaa, kebo, mikisa, vyote. Ibaki plagi ya umeme na spika tu. Kelele ikiisha, amplifaya haina kosa. Tafuta kwenye kebo, gitaa au mikisa. Utashangaa ni amplifaya ngapi zimefunguliwa bure wakati mbovu alikuwa kebo ya elfu chache.

Hatua ya pili. Teremsha volyumu mpaka sifuri. Kelele ikiisha, inazalishwa kabla ya kitufe hicho, yaani kwenye valvu za mwanzo. Ikibaki vile vile, iko baada yake: valvu za mwisho au sehemu ya umeme.

Hatua ya tatu. Zima, ngoja ipoe, chomoa valvu ya kwanza kabisa karibu na tundu la gitaa (mara nyingi ni 12AX7, ambayo Ulaya inaitwa ECC83, ni kitu kile kile). Washa. Kelele imeisha? Basi ni valvu hiyo au vipuri vyake. Haijaisha? Zima, chomoa inayofuata. Endelea hivo ukielekea kwenye zile kubwa za mwisho. Pale kelele inapokata, umefika. Kwenye amplifaya nyingi za gitaa kutoa hizi ndogo hakuleti madhara.

Hatua ya nne. Kama umezitoa ndogo zote na mvumo bado upo, umebaki na watuhumiwa wawili. Mmoja ni kapasita kubwa. Mwingine ni valvu kubwa za mwisho, ambazo zikiwa jozi zinafutiana mvumo, moja inavuta na nyingine inasukuma. Moja ikichoka kuliko mwenzake, kufutiana kunavurugika na mvumo unatoka. Badilisha zote mbili, zinazolingana.

Kwa ile ya Kapalamsenga nilifika mpaka hatua ya nne. Nilitoa valvu zote ndogo, mkoromo ukabaki pale pale, freti ya tatu kabisa. Nikageuza bodi: kapasita kubwa mbili zimevimba kichwani na moja imetoa uji chini. Mambo kwisha.

KAPASITA: TENKI LA MAJI

Fikiria pampu ya mkono inayotoa maji kwa mishtuko, chwa, chwa, chwa. Ukitaka yatoke sawasawa bombani unaweka tenki katikati. Kapasita kubwa ni hilo tenki. Ndani yake kuna karatasi iliyolowekwa kwenye maji maalumu, na joto linayakausha mwaka hadi mwaka. Tenki linakuwa dogo, mishtuko inafika mpaka kwenye spika. Kipuri cha miaka ya 1960 au 1970 ambacho hakijawahi kubadilishwa, usikiulize maswali, badilisha.

Masharti ni matatu. Volti ziwe sawa na za zamani au zaidi, kamwe zisiwe pungufu. Chanya na hasi zisigeuzwe, ukigeuza italipuka. Na maikrofaradi usizidishe kwa tamaa kama amplifaya yako inanyoosha umeme kwa valvu badala ya dayodi. Kwa mfano valvu ya GZ34 mwisho wake ni kapasita ya maikrofaradi 60 mbele yake. Ukiweka 220 ukidhani unaua mvumo, utaua valvu.

Niliagiza Kariakoo kapasita mpya za maikrofaradi 47, volti 450, zikaja na basi mpaka Mpanda. Kama huna subira, ubao wa umeme wa TV za flati zilizopasuka kioo huwa na kapasita za volti 400 au 450, pima kwanza usije ukabadilisha mzee kwa mzee.

Baada ya hapo mkoromo mkubwa uliisha. Ukabaki mvumo mdogo, wa chini zaidi, na huo ulisikika pale tu walipounganisha amplifaya na mikisa, na mimi nimesharudisha ethi. Hapo ndo tunafika kwenye mzizi wa makala hii.

KWA NINI ETHI INALETA MVUMO, NA KWA NINI USIIKATE

Amplifaya ina waya wa ethi. Mikisa nayo inao. Kila moja imechomekwa kwenye ekstensheni yake. Halafu kebo ya sauti inaziunganisha, na ganda la nje la kebo hiyo nalo limeshika bodi zote mbili. Tayari umetengeneza duara: ethi ya amplifaya, mpaka jenereta, mpaka ethi ya mikisa, kurudi kwa kebo. Umeme kidogo unazunguka kwenye hilo duara kwa mitikisiko 50 kila sekunde, na amplifaya inausikia kama sauti. Ukikata ethi moja, duara limekatika, kimya kinarudi. Fundi shujaa!

Sasa angalia ulichofanya. Nyaya za gitaa zimeungana na bodi ya chuma ya amplifaya. Maiki imeungana na bodi ya mikisa. Ethi kazi yake ni kufanya vyuma vyote hivyo viwe na volti sawa, ili ukigusa kimoja kwa mkono na kingine kwa mdomo kusiwe na tofauti ya kukupitia. Na umeme mkubwa ukigusa bodi kwa bahati mbaya, ethi iupe njia fyuzi ikatike. Ukiikata, njia iliyobaki kati ya gitaa na maiki ni wewe. Kupitia mkono, kifua, mdomo. Miliampia 30 tu zikipita kifuani kwa muda zinaweza kusimamisha moyo.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Scotland wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972, akiwa na miaka 27. Alikuwa ameshika gitaa, akagusa maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa. Keith Relf, mwimbaji aliyekuwa wa The Yardbirds, alikufa kwa umeme nyumbani kwake Uingereza mwaka 1976 akipiga gitaa. Nchi yenye mafundi na sheria zake, na bado.

Kwa hiyo maiki "inayouma" haina tabia, ina taarifa. Inakwambia kuna volti kati yake na gitaa lako. Kabla ya kupiga muziki weka tesita kwenye AC, waya mmoja kwenye nyaya za gitaa, mwingine kwenye chuma cha maiki. Ukiona makumi ya volti, usipige mpaka ijulikane inatoka wapi.

Mvumo wa duara unatibiwa hivi, na ethi zote zikiwa mahali pake:

- Chomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja. Duara linakuwa dogo, mara nyingi mvumo unaisha hapo hapo bila senti.
- Ikigoma, weka kati yao kiboksi chenye transfoma ndogo ya sauti (wapiga muziki wanakiita DI). Sauti inapita kwa sumaku, ganda la kebo halipiti.
- Kama unajua kulehemu, kata ganda la kebo ya sauti upande mmoja, kwenye ile kebo ya nyaya mbili za ndani zenye ganda. Kata la sauti. La umeme, hapana.

Kapalamsenga ile ya kwanza ilitosha. Ekstensheni moja, kimya. Na mwimbaji akagusa maiki kwa mdomo, haikumuuma.

NA ULE MTINDO WA KIJITI

Kuna namna nyingine ya kukata ethi bila kujijua. Soketi zetu zina matundu matatu, na lile la juu ni la ethi. Pini yake ndefu ndo inafungua vifuniko vya matundu ya chini. Mtu ana plagi ya pini mbili, anachokonoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu, anaingiza. Kwa chaja ya simu, sawa, iliundwa bila ethi. Kwa amplifaya yenye bodi ya chuma, umeshamkatia mtu ethi. Weka plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3 kwa amplifaya ya kawaida, na siyo karatasi ya sigara.

Amplifaya za Marekani za zamani zina jambo lake. Kwanza zinataka volti kama 117, si 230, kwa hiyo lazima transfoma ya kushushia. Pili, nyingi zilitoka kiwandani na plagi ya pini mbili, na ndani kuna kapasita iliyounganisha waya wa umeme na bodi ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikishorti, bodi yote, pamoja na gitaa, imekuwa umeme. Itolewe, iwekwe waya wa pini tatu, ethi ifungwe kwa boliti kwenye bodi.

JENERETA NA SOLA

Kwenye jenereta ndogo, hakikisha ethi za vyombo vyote zimekutana pamoja, na chuma cha ethi kimezamishwa ardhini kwenye udongo wenye unyevu. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, siyo mimi wa amplifaya.

Kwenye sola, inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini. Zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na transfoma ya amplifaya ya valvu inalichukia: yenyewe inanguruma, na ule mlio wa "zzzz" unaingia kwenye sauti. Hakuna kapasita itakayouondoa wote. Dawa ni inveta ya wimbi laini. Na kumbuka valvu zinakula hata zikiwa kimya. Amplifaya inayovuta wati 120 kwenye betri ya volti 12, ampia-saa 100, ukitumia nusu ya betri unapata kama saa nne na nusu hivi, kabla hujahesabu taa.

TUFUNGE KWA HAYA

Kelele ni taarifa. Freti ya tatu inakwambia kapasita, kijiti cha mshikaki kinakwambia valvu, maiki inayouma inakwambia ethi. Fundi anayezima taarifa bila kuisoma hajatengeneza kitu. Na wewe kijana unayemlipa, kabla hajaondoka mfungulie plagi mbele yake uone kama ule waya wa kijani na njano umefungwa kwenye pini ya juu. Inachukua dakika mbili na bisibisi moja.

Haya wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Ukiuliza, taja mambo manne: sauti yenyewe ikoje, inabaki ukichomoa kila kitu au la, unatumia umeme gani (gridi, jenereta au sola), na namba zilizoandikwa kwenye valvu. Bila hayo tutapiga ramli tu. Na kama kuna mahali maiki inauma, zimeni kwanza, swali baadaye.